Jina la filme kwenye kava, sauti ya mgeni ndani: mnunuzi anastahili kuambiwa

Mtu aliyeangalia filme ya The Godfather mara tatu au nne anamtambua Michael Corleone hata akifumba macho. Ni sauti ya chini, isiyo na haraka, inayozidi kupoa kadiri hasira inavyopanda. Mwaka 2006 kampuni ya Marekani, Electronic Arts, ilitoa mchezo wa video wenye jina lile lile la filme na alama ile ile ya mkono unaoshika nyuzi za kikaragosi. Ndani ya mchezo huo Michael yumo. Ila sura si ya Al Pacino, na sauti si ya Al Pacino. Mchezaji anakaa mbele ya televizyo, maneti mikononi, akimtazama mgeni anayeitikia jina la mtu anayemfahamu sana.

Waliocheza michezo iliyotokana na filme wanaijua hali hiyo, hata kama hawajawahi kuitafutia jina. Mchezo unafunguliwa kwa hamu ya filme, muziki unaanza, na sikio linakataa mara moja: si wenyewe. Shujaa anafungua kinywa, sikio linakataa mara ya pili. Picha ni ya nyumbani, sauti ni ya ugenini.

Upungufu huo una sababu zake, na baadhi ni za haki kabisa. Kisicho cha haki ni kimya cha kava. Anayeuza mchezo kwa nguvu ya jina la filme, huku akijua kwamba waigizaji hawamo na muziki haumo, kisha asimwandikie mnunuzi hata mstari mmoja, anamficha kitu. Lawama inapaswa kwenda hapo. Mwigizaji aliyekataa hana kosa, na yule aliyeajiriwa kujaza nafasi yake hana kosa pia.

Nyumba yenye sauti za kukodi

Mfano wa The Godfather unafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake kuna karibu kila aina ya pengo. James Caan na Robert Duvall walikubali. Walirudi studio zaidi ya miaka 30 baada ya filme ya 1972, wakawapa Sonny na Tom Hagen sauti zao za kweli. Marlon Brando naye alikubali, akarekodi kabla ya kufariki Julai 2004. Lakini alikuwa mzee wa karibu miaka 80, mgonjwa, anapumua kwa shida, na sehemu kubwa ya alichorekodi haikuweza kutumika. Ikabidi aitwe mtu mwingine kuiga sauti ya Don Vito. Al Pacino hakuingia kabisa. Francis Ford Coppola, aliyeongoza filme yenyewe, alisema hadharani mwaka 2005 kwamba hakuulizwa na kwamba haukubali mchezo huo.

Matokeo yake ni familia ya ajabu. Mtoto mmoja ana sauti yake, mdogo wake ana sauti ya kukodi, na baba ana sauti ya kuigwa. Mnunuzi aliyelipa aligundua hayo akiwa tayari amefika nyumbani.

Mwaka huo huo wa 2006 ulitoka mchezo wa Scarface: The World Is Yours, uliotokana na filme ya 1983. Pacino aliruhusu sura yake itumike kwa Tony Montana. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya André Sogliuzzo, mwigizaji wa sauti ambaye Pacino mwenyewe alimkubali. Kwa sikio la mchezaji, michezo yote miwili inamkosa Pacino. Kwa haki, haifanani hata kidogo. Katika mmoja, mwenye sauti alikaa mezani akasema nani azungumze kwa niaba yake. Katika mwingine, mtu hayupo na jina la mhusika wake linaendelea kufanya biashara.

Kasete ndogo, mdomo uliofungwa

Wachezaji wa zamani wana maelezo mengine, nayo ni ya kweli: mashine haikuweza. Mwaka 1982 Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotengenezwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa wiki tano hivi. Muziki wa John Williams, ulioandikwa kwa orkestra nzima, ulifika kwa mchezaji kama milio ya saa ya mkononi. Hakuna aliyeshangaa. Kila kitu kililia hivyo wakati ule.

Hata The Lion King ya 1994, filme ambayo kila mtoto wa Uswahilini anaicheka kidogo kwa sababu wanyama wake wanaitwa Simba, Rafiki na Pumbaa, ilipoingia kwenye kasete za Sega na Nintendo iliacha waimbaji mlangoni. Nyimbo za Elton John zilibaki kama sauti ya ala peke yake. Ngazi moja ya mchezo inaitwa Hakuna Matata, maneno ya Kiswahili safi, lakini hakuna anayeyaimba humo.

Hesabu ya GoldenEye 007 inaeleza jambo hili kuliko maneno mengi. Mchezo huo wa James Bond ulitengenezwa na kampuni ya Uingereza, Rare, na kutoka mwaka 1997 kwa ajili ya Nintendo 64. Kasete yake ilikuwa na megabaiti 12. Muziki wa diski ya kawaida ya CD unakula karibu megabaiti 10 kila dakika. Kwa hiyo mchezo mzima, pamoja na ramani zake, silaha, walinzi wa Urusi na sura ya Pierce Brosnan, ulikaa katika nafasi ambayo wimbo mmoja ungeijaza kabla haujamaliza ubeti wa pili. Sauti za waigizaji zingewekwa wapi? Maneno yaliandikwa chini ya picha. Muziki wa filme, uliotungwa na Mfaransa Éric Serra, haukutumika. Watunzi watatu wa Rare waliandika vipande vipya wakivizungusha kwenye ule mwito wa James Bond unaojulikana dunia nzima. Zaidi ya kopi milioni 8 ziliuzwa, na hadi leo wapo wanaoukumbuka muziki wa mchezo kuliko wa filme.

Baadaye zikaja diski. Diski moja ya PlayStation ilibeba zaidi ya megabaiti 600, na sababu ya nafasi ikaanza kufa pole pole. Tangu hapo, sauti ikikosekana, mara nyingi ni kwa ajili ya fedha, muda au karatasi.

Muda unastahili kuelezwa, kwa sababu wengi hawaujui. Kampuni inataka mchezo uingie dukani wiki ile ile filme inapoingia katika majumba ya sinema. Kwa hiyo mafundi wa mchezo wanafanya kazi wakati filme bado inapigwa. Lakini mtunzi wa muziki wa filme kwa kawaida ndiye anayemaliza karibu na mwisho, baada ya picha kukatwa na kupangwa. Siku mafundi wanapohitaji muziki, muziki wa filme bado haujazaliwa. Mwaka 2001 filme ya kwanza ya Harry Potter na mchezo wake vilitoka mwezi mmoja, Novemba. Filme ilikuwa na John Williams. Mchezo ulikuwa na Jeremy Soule, aliyeandika muziki wake mwenyewe tangu mwanzo. Waliokuwa watoto wakati ule wanausikiliza bado, wakiwa watu wazima wenye watoto wao. Pengo lile lilizaa kitu. Si kila muziki unaokosekana ni hasara.

Karatasi nyingi kwa filme moja

Fedha na karatasi ndizo zenye ugomvi. Watu wengi wanadhani filme ni mali moja, kama pikipiki: anayeinunua anapata magurudumu, moto na kiti. Kumbe filme ni kama shamba la ukoo. Jina na wahusika ni vya studio. Sura ni ya mwigizaji, na sauti yake pia, kila moja kwa makubaliano yake. Wimbo una wenyewe wawili: yule aliyeutunga, na yule anayemiliki rekodi iliyosikika katika filme. Wanamuziki wa orkestra huko Marekani, kupitia chama chao, wanalipwa tena pale rekodi yao inapohamishwa kutoka filme kwenda kazi nyingine. Kampuni ya mchezo ikinunua jina peke yake, imepata kibao cha mlangoni. Vyumba bado vimefungwa.

Hadithi inayoonyesha nguvu ya karatasi hizo inagusa Congo yenyewe. Mwaka 1980 mwandishi Mmarekani Michael Crichton alichapisha riwaya inayoitwa Congo, kuhusu msafara unaotafuta mji uliopotea wa Zinj katika misitu ya Virunga, pamoja na sokwe jike anayeitwa Amy aliyefundishwa kuongea kwa ishara za mikono. Miaka michache baadaye Crichton alitaka kutengeneza mchezo wa ordinateri kutokana na kitabu chake hicho. Akakuta hawezi. Alikuwa ameuza haki za filme, na haki za mchezo zilikwenda pamoja nazo. Alifanya nini? Aliuhamisha msafara mzima hadi Amerika ya Kusini. Sokwe akageuka kasuku anayeitwa Paco. Mchezo ukatoka mwaka 1984 kwa jina la Amazon. Mtu aliyeandika Congo alinyimwa ruhusa ya kuingia Congo ya kitabu chake.

Filme ilikuja mwaka 1995, na baada yake michezo yenye jina la Congo ikatengenezwa na watu wengine. Mkaaji wa Rutshuru au Kibumba anayeiona milima ile kila asubuhi anaweza kucheka. Lakini mwandishi na mwanamuziki wa Goma wasicheke haraka: sahihi ya mtu mmoja, iliyowekwa mapema bila kufikiri juu ya mashine ambazo bado hazijaenea, ilifunga mlango kwa miaka.

GoldenEye nayo ilirudi. Mwaka 2010 Activision ilitoa mchezo mpya wenye jina hilo hilo. Hadithi ni ile ya 1995, lakini Bond sasa ni Daniel Craig, kwa sura na kwa sauti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa Bond wa wakati ule. Judi Dench alibaki kuwa M. Wimbo wa filme, ulioandikwa na Bono na The Edge na kuimbwa na Tina Turner, umo pia, ila anayeuimba ni Nicole Scherzinger. Hapo tofauti kati ya wimbo na rekodi inasikika kwa sikio: utungo ni ule ule, koo si lile. Angalau Craig alionekana kwenye kava, na aliyenunua alijua anachokipata. Wimbo je? Anayempenda Tina Turner aliukuta mwenyewe mchezo ulipoanza.

Tena ruhusa ina siku yake ya kufa. Januari 2013 michezo ya Bond ya Activision iliondolewa katika maduka ya intaneti. Mchezo wa Scott Pilgrim, uliotoka pamoja na filme yake mwaka 2010, ulitoweka mwisho wa 2014 na kurudi Januari 2021. GTA IV haikutokana na filme, lakini GTA ni jina ambalo vijana wa Goma, Bukavu na Bunia hawahitaji kuelezwa. Aprili 2018, miaka 10 baada ya mchezo kutoka, nyimbo nyingi za redio zake ziliondolewa kwa sababu muda wa ruhusa ulikwisha, na redio ya nyimbo za Kirusi ndiyo iliyoumia zaidi. Mtu aliyelipa mwaka 2008 alifungua mchezo wake na kukuta wameingia ndani wakachukua vitu. Mwizi angeitwa mwizi. Hii iliitwa marekebisho ya programu.

Msimulizi anajitaja

Kuna mtu anaweza kuuliza: mashariki mwa Congo tangu lini sauti ya asili ni kitu kitakatifu? Swali ni zuri. Katika vyumba vya video, filme za Hong Kong, India na Hollywood zimeangaliwa kwa miaka zikiwa na sauti ya msimulizi juu yake. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamejulikana kwa kazi hiyo, na wengine wengi wamefuata nyayo zao. Msimulizi anafunika sauti ya mwigizaji, anaongeza utani, anambatiza shujaa jina la mtaani, anamwonya adui kwamba leo ataona moto. Muziki unazama chini ya maneno yake. Na watu wanalipa wamsikilize yeye, wakati mwingine kuliko filme yenyewe. Ruhusa ya studio? Hilo ni jambo lingine, na si la kujivunia.

Lakini msimulizi ana kitu kimoja ambacho makava ya michezo hayana. Anajitaja. Kabla filme haijafika mbali, kila aliyekaa kwenye benchi anajua nani anaongea. Hakuna anayetoka mle akidhani Jackie Chan amejifunza Kiswahili. Sauti imebadilishwa mbele ya macho ya watu, na mwenye kubadilisha ameweka jina lake. Ubadilishaji wa wazi ni sanaa. Ubadilishaji wa kificho, wenye jina la mtu mwingine mbele yake, ni biashara ya aina nyingine.

Haki inataka pia isemwe kwamba baadhi ya kimya kinachosikika katika michezo inayochezwa Goma au Uvira hakikutoka kwa kampuni wala kwa mwigizaji. Kimetoka kwa waliopunguza kopi. Mchezo mkubwa wa ordinateri unaposambazwa bila ruhusa, mara nyingi kuna mtu amekata video, muziki na mazungumzo ili ukae kwenye diski moja au upakuliwe kwa megabaiti chache. Mahali ambapo megabaiti zinanunuliwa kidogo kidogo kama mafuta ya kupikia, toleo jepesi ndilo linalotembea. Kijana anacheza mchezo wa filme usio na sauti kabisa na kuamini kwamba ulizaliwa bubu. Kabla ya kumlaumu Al Pacino, inafaa kujua diski ilipita mikono ya nani.

Kuna njia nyingine pia, ya kunyamaza kwa heshima. Lego Star Wars ya 2005 ilikuwa na muziki wa John Williams, lakini vijitu vyake havikusema neno. Viliguna tu na kuonyesha kwa mikono, kama watu wanaopatana bei bila lugha ya pamoja. Ikawa ndiyo raha ya mchezo. Mwaka 2022, Lego Star Wars mpya ilipotoka ikiwa na mazungumzo kamili, waliotengeneza waliacha kitufe cha kurudisha kuguna. Hakuna aliyeibiwa sauti hapo, kwa sababu hakuna aliyeigizwa.

Kutimiza kila kitu ni vigumu, ila kumefanyika. Mchezo wa Ghostbusters wa 2009 uliwarudisha Bill Murray, Dan Aykroyd, Harold Ramis na Ernie Hudson, yule yule Hudson aliyeongoza msafara katika filme ya Congo. Uliweka pia muziki wa Elmer Bernstein wa filme ya 1984. Sigourney Weaver na Rick Moranis hawakuwemo. Waliotengeneza hawakutafuta wa kuwaiga. Waliwaacha wahusika hao nje ya hadithi. Miaka mitano baadaye, katika Alien: Isolation, Weaver alikubali, na sehemu ya nyongeza ya mchezo huo ilikuwa na sauti yake na za wenzake wa filme ya 1979.

Koo lisilo na mwenyewe

Wanaojaza mapengo hawastahili dharau. Jim Hanks, mdogo wa Tom Hanks, amempa Woody wa Toy Story sauti katika michezo kadhaa, ukiwemo Kingdom Hearts III wa 2019. Ni sauti ya ukoo mmoja, na kaka mtu amelieleza jambo hilo mwenyewe kwenye televizyo bila kuficha. Hiyo ni kazi halali. Anayeiga sauti kwa masaa ndani ya studio, akipiga mayowe ya kufa mara 50 kwa siku mpaka koo linachubuka, anastahili mshahara na jina lake kuandikwa. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma dhidi ya kampuni za michezo Oktoba 2016, na tena Julai 2024. Mgomo wa pili ulihusu zaidi akili bandia: kampuni kuchukua sauti ya mtu, kuifundisha mashine, na kuendelea kuitumia bila mtu huyo kufungua kinywa tena.

Hofu hiyo si ndoto. James Earl Jones, aliyekuwa sauti ya Darth Vader tangu 1977, aliruhusu rekodi zake zitumike na mashine kabla ya kufariki Septemba 2024. Mei 2025, mchezo wa Fortnite ulimwingiza Darth Vader anayejibu wachezaji papo hapo kwa sauti hiyo iliyotengenezwa, familia ikiwa imekubali. Ndani ya masaa machache wachezaji walikuwa wamemfanya marehemu atukane. Kampuni ilirekebisha haraka. SAG-AFTRA ilipeleka malalamiko kwamba kazi ya waigizaji wa sauti imebadilishwa na mashine bila mazungumzo na chama. Kwa hiyo miaka inayokuja huenda sauti za asili zisikosekane tena katika michezo ya filme. Zitakuwemo zote. Swali litakuwa nani alisema ndiyo, na kama alikuwa hai aliposema.

Afrika imeshalipa ada ya somo hili. Mwaka 1939 Solomon Linda wa Afrika Kusini alirekodi wimbo wake, Mbube, mjini Johannesburg, akauza haki zake kwa shilingi 10. Wimbo ulizunguka dunia ukiwa umebadilishwa jina, na katika The Lion King unaimbwa na Timon na Pumbaa. Linda alikuwa amekufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walifungua kesi mwaka 2004 dhidi ya Disney, na mwaka 2006 wakapata mapatano yenye malipo. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kwa sauti ile kurudi kwa wenyewe.

Congo ina sheria ya haki za watunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986, na shirika la kuzikusanya, SOCODA, tangu 2011. Sheria hiyo haiwezi kumsaidia mtu aliyeweka sahihi chini ya maneno “haki zote, kwa muda wote, kwa kila aina ya chombo”. Mwanamuziki wa Bukavu anayeombwa wimbo kwa ajili ya filme, au msimulizi wa Goma anayeombwa sauti kwa ajili ya programu fulani, anapaswa kuuliza kila kitu kando: jina ni bei gani, utungo ni bei gani, rekodi ni bei gani, sauti itatumika wapi, na hadi mwaka gani. Na mashine je, inaruhusiwa kujifunza kutoka kwenye rekodi hiyo? Yule anayeleta karatasi akikasirika kwa maswali hayo, basi amekwisha kujibu.

Kwa upande wa mnunuzi, kinachoombwa ni kidogo sana. Kopo la tomate linalouzwa Birere lina orodha ya vilivyomo, kwa herufi ndogo lakini imo. Mchezo wa video unaobeba jina la filme, wenye bei ambayo kwa familia nyingi za Kivu ni chakula cha wiki kadhaa, unaweza kubeba mistari miwili: sauti za waigizaji wa filme zimo au hazimo, muziki wa filme umo au haumo, na ruhusa yake inakwisha lini. Maduka ya intaneti yanaonyesha tayari ukubwa wa mchezo, lugha zake na umri wa mchezaji. Nafasi ya mistari miwili haikosekani.

GoldenEye 007 ile ya kasete ya megabaiti 12 iliingia tena sokoni Januari 2023, baada ya miaka mingi ya wenye haki kushindwa kupatana. Leo ingeweza kubeba sauti ya kila mtu aliyewahi kuwa Bond. Hawakuongeza hata moja. Brosnan bado anatembea kimya, na maneno yake bado yanaandikwa chini ya picha, kama 1997.